Kijana wetu asome wapi ujasiriamali wa kijamii? Tuanze na shida, ndipo tutafute shule



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotangazwa, ofisi za wachungaji hujaa wazazi na vijana. Zamani maswali yalijulikana: udaktari, sheria, au ualimu? Miaka hii neno jipya limeingia: entrepreneuriat social, yaani ujasiriamali wa kijamii. Kijana anasema anataka kujifunza kuanzisha kazi inayoingiza pesa na wakati uleule inaondoa shida ya watu. Baba anauliza kama hiyo ni kazi ya kweli au ni maneno ya semina. Mama anauliza minervali ni kiasi gani. Kisha wote wanageuka: "Pasta, shule gani ni nzuri?"

Tunaandika ili kuzisaidia parokia zetu kujibu swali hilo. Ili kijana mmoja amalize miaka mitatu au mitano ya masomo, familia inauza ng'ombe, nyingine inauza shamba, na mara nyingi kanisa nalo linachanga. Kijana akirudi na diploma isiyomwezesha kufanya kitu, pesa zimepotea, na zaidi ya hapo waumini wanakata tamaa. Kijana wa pili akija kuomba, hakuna anayechanga tena.

Neno letu kubwa ni hili: shule njema kwa masomo haya inachaguliwa kwa kutazama kwanza shida ambayo kijana anataka kuishughulikia. Jina la shule, nchi na uzuri wa majengo vinakuja nyuma. Nehemia, kabla ya kuwaambia watu wajenge, alitoka usiku akauzunguka ukuta, akaona ni wapi palipobomoka. Baada ya hapo ndipo alipozungumza juu ya kazi. Tufuate mpango huo.

Ujasiriamali wa kijamii ni nini?

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

Biashara ya kawaida inauza kitu ili mwenye nayo apate faida. Hakuna ubaya. Paulo alishona mahema pamoja na Akila na Prisila kule Korintho, akala kwa kazi ya mikono yake.

ONG, pamoja na diakonia ya kanisa, inapokea pesa za wafadhili au sadaka na kuwahudumia wenye shida. Hiyo pia ni kazi njema, lakini mfadhili akiondoka, mara nyingi kazi inasimama. Katika parokia zetu wote tunajua nyumba yenye kibao cha mradi ambao ulikwisha zamani.

Ujasiriamali wa kijamii unakaa kati ya hizo mbili. Unauza kitu au huduma, unajilipia gharama zake wenyewe, na kinachobaki kinarudi kuondoa ile shida iliyofanya kazi ianzishwe.

Tuna mfano karibu nasi. Kando ya ziwa Kivu, huko Minova, wakulima wa kahawa walikosa mnunuzi mzuri kwa miaka mingi. Wengi walivusha kahawa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, na baadhi yao walizama ziwani, wakaacha wajane na yatima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima wa huko waliunda kooperative inayoitwa SOPACDI. Walijenga kituo cha kuoshea kahawa, wakapandisha ubora wake, wakapata cheti cha biashara ya haki, wakaanza kuuza ng'ambo. Shida ilikuwa bei mbaya na vifo ziwani. Dawa haikuwa kugawa chakula kwa wajane peke yake, ingawa hiyo pia inahitajika. Dawa ilikuwa kazi iliyomfanya mkulima asiwe na haja ya kupanda mtumbwi usiku.

Mfano mwingine uko ndani ya makanisa yetu wenyewe. Muso ambazo mama zetu wanaziendesha baada ya ibada zina sanduku tatu: la kijani kwa mikopo, jekundu kwa ugonjwa na msiba, na la buluu kwa pesa zinazotoka nje, kwa mfano mkopo wa COOPEC. Mama anayejua kwa nini pesa za sanduku jekundu hazikopeshwi kwa biashara tayari ameshika somo moja la maana katika fani hii. Kwa hiyo kijana anapotaka kusoma ujasiriamali wa kijamii, haendi kuleta kitu kigeni. Anaenda kujifunza kukifanya vizuri zaidi kitu ambacho watu wake wamekwisha kukianza.

Kwa nini basi kuna haja ya shule?

Tuchukue mfano wa mashine ya kusaga. Hesabu hii ni ya kufundishia tu, lakini kila mwanakamati wa parokia ataitambua.

Parokia inapata mashine ya dola 1,800. Fundi anasema itadumu miaka mitano. Kila mwezi wateja wanaleta dola 260. Mazuti ni dola 120, msagaji analipwa 60, matengenezo ni 25. Zinabaki dola 55. Kamati inafurahi: ni faida! Inaamua kuwapa wajane dola 50 kila mwezi, na 5 zinabaki katika sanduku. Hakuna aliyeiba hata senti moja. Ripoti inasomwa kanisani, watu wanapiga makofi.

Miaka mitano inapita, mashine inakufa. Katika sanduku kuna dola 300. Mashine mpya inataka 1,800. Wajane wanakosa msaada, msagaji anakosa kazi, na parokia inaanza tena kuandika barua kwa wafadhili.

Kosa liko wapi? Mashine ya dola 1,800 inayodumu miezi 60 inakula dola 30 kila mwezi, ijapokuwa hakuna mtu anayekuja kuzidai. Faida ya kweli haikuwa 55, ilikuwa 25. Kama kamati ingetoa dola 25 kwa wajane na kuweka 30 kando, baada ya miaka mitano ingekuwa na dola 1,800 kamili. Wajane wangepata kidogo zaidi kwa muda mrefu zaidi.

Wahasibu wana jina la hizo dola 30: wanasema ni uchakavu wa mali, na kwa Kifaransa amortissement. Shule njema ni ile inayomfanya kijana azione dola 30 hizo pale ambapo watu wema na waaminifu hawazioni. Moyo wa huruma parokia zetu tayari zinao. Kinachokosekana mara nyingi ni hesabu, sheria, ujuzi wa soko, na uwezo wa kuongoza watu bila kugombana. Shule isiyofundisha hayo manne, hata iwe na jina kubwa kiasi gani, haitamfaa kijana wetu.

Tunajifunza nini kwa waliotutangulia?

Watu watatu wanatusaidia kuona jambo moja.

Friedrich Wilhelm Raiffeisen alikuwa Mprotestanti na meya wa vijiji vidogo Ujerumani. Wakati wa njaa ya 1846 na 1847, huko Weyerbusch, aliwakusanya wenye uwezo ili maskini wapate unga na mkate kwa mkopo. Kwa miaka mingi aliendelea na vyama vilivyotegemea wema wa matajiri, hata akaona kwamba havidumu. Mwaka 1864, huko Heddesdorf, alianzisha chama cha mikopo ambamo wakulima wenyewe ndio wanachama na wenye kubeba dhamana. Kooperative nyingi za akiba na mikopo duniani, pamoja na COOPEC zetu, zinafuata njia aliyoifungua.

José María Arizmendiarrieta alikuwa padri kijana alipotumwa mwaka 1941 katika mji wa Mondragón, Uhispania, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vijana hawakuwa na kazi. Alianza na shule ya ufundi mwaka 1943. Miaka 13 ilipita. Mwaka 1956 vijana watano waliopita katika shule hiyo walianzisha kiwanda chao cha kwanza cha ushirika. Leo kundi la kooperative za Mondragón lina wafanyakazi makumi ya maelfu, na lina chuo kikuu chake.

Muhammad Yunus alikuwa profesa wa uchumi huko Chittagong, Bangladeshi. Mwaka 1976 alitoka darasani akaingia kijiji cha Jobra kilicho karibu na chuo chake, akakuta watu 42 waliokuwa wamefungwa na madeni ambayo yote pamoja hayakuzidi dola 27. Aliwakopesha pesa hizo kutoka mfukoni mwake. Kazi hiyo ikawa benki ya Grameen mwaka 1983, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo walipewa tuzo ya Nobel ya amani.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na diploma yenye jina "ujasiriamali wa kijamii". Masomo yenye jina hilo ni ya juzi: kituo cha Skoll katika chuo kikuu cha Oxford kilianzishwa 2003, na kituo cha Bertha katika shule ya biashara ya chuo kikuu cha Cape Town mwaka 2011. Watu hao watatu walikuwa na elimu thabiti ya jambo fulani, walikaa karibu na shida moja kwa muda mrefu, na walikubali kubadili njia walipoona ya kwanza haifai. Kwa hiyo mzazi asiogope kama chuo kilicho karibu naye hakina fakulte yenye jina hilo. Usimamizi wa biashara, uchumi, kilimo, maendeleo ya vijiji, hata uuguzi au ufundi, vinaweza kumfikisha kijana mahali pale pale, mradi ndani ya masomo yake apate yale manne tuliyoyataja.

Shule za aina gani ziko mbele yetu?

Ya kwanza ni shule zilizo kwetu. Ndugu zetu Waprotestanti wamejenga vyuo vikuu mashariki ya nchi: ULPGL huko Goma tangu 1985, UEA huko Bukavu, Shalom huko Bunia, ambayo mizizi yake ni shule ya theolojia ya 1961, na UCBC huko Beni, inayofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Ziko pia taasisi za Serikali za biashara, ISC, na za maendeleo ya vijiji, ISDR. Faida yake ni kubwa: kijana anasoma sheria za nchi atakayofanyia kazi, anabaki karibu na watu wake, na gharama inaweza kubebwa. Upungufu ni kwamba katika vyuo vingi vya nchi yetu wanafunzi wanajaa darasani, na mafunzo ya vitendo yanakuwa mafupi. Hapo ndipo parokia inaweza kusaidia, kama tutakavyoeleza.

Ya pili ni shule za nchi jirani. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na vijana wetu wengi wanatazama Kampala, Nairobi, Kigali au Bujumbura. Uganda kuna MUBS, shule ya biashara yenye uhusiano na Makerere, na Uganda Christian University ya Mukono iliyotoka katika chuo cha kanisa la Anglikana. Nairobi kuna Strathmore, na Daystar ambayo ni ya Kikristo. Huko kijana anapata Kiingereza, anaona biashara zinavyoendeshwa kwa simu na kwa mikopo midogo, na anakutana na vijana wenye mawazo. Lakini kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: sheria za biashara za nchi hizo si zetu. Kongo ni mwanachama wa OHADA tangu 2012, pamoja na nchi nyingine 16, nyingi zikiwa zinatumia Kifaransa. Uganda, Kenya, Rwanda, Burundi na Tanzania hazimo. Anayesoma Kampala atarudi akijua uhasibu na kampuni za aina ya huko. Si kikwazo kisichopitika, lakini atahitaji kujifunza OHADA atakaporudi, na afadhali ajue kabla ya kuondoka.

Ya tatu ni shule za mbali, Ulaya, Marekani au Afrika Kusini. Kwa kawaida masomo hayo ni ya ngazi ya juu, kwa mtu mwenye lisansi na miaka kadhaa ya kazi. Minervali ya shule kubwa za biashara inahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Bila basi kamili, yaani bourse, parokia isijaribu. Oxford, kwa mfano, ina bourse ya Skoll kwa watu ambao tayari wameanza kazi ya namna hii. Tuone mpango wake: kazi kwanza, bourse baadaye. Kijana wa miaka 19 anayetaka kwenda moja kwa moja huko anaanza na paa kabla ya msingi.

Ya nne ni mafunzo mafupi na masomo kwa intaneti. Tusiyadharau. Mama anayeuza vitenge sokoni, fundi seremala, shemasi anayesimamia duka la dawa la parokia, hawahitaji miaka mitano. Miezi mitatu ya uhasibu mdogo na mafunzo ya kuendesha kooperative inaweza kubadilisha kazi yao yote. Wakati mwingine jibu la kweli kwa swali "asome wapi?" ni kwamba asiache kazi yake, bali asome jioni.

Maswali saba kabla ya kulipa

Mzazi au kamati ya masomo ya parokia ipeleke maswali haya kwa ofisi ya chuo, na iandike majibu.

1. Je, chuo kimekubaliwa na Serikali, na diploma yake inatambuliwa? Omba kuona hati, usiridhike na kibao cha barabarani. Kama chuo kiko nje ya nchi, ujue kwamba diploma itahitaji kupata ekivalansi kwa wizara ya elimu ya juu huko Kinshasa, na kazi hiyo inataka muda na pesa.

2. Uhasibu unafundishwa saa ngapi, na ni wa mfumo gani? Katika nchi yetu biashara zinafuata mfumo wa OHADA. Tangu tarehe 1 Januari 2024 OHADA ina pia mfumo wa pekee kwa mashirika yasiyotafuta faida, unaoitwa SYCEBNL. Mwalimu ambaye hajausikia hawezi kumwandaa kijana kusimamia shule au hospitali ya kanisa.

3. Wanafundisha sheria ya vyama vya namna mbalimbali? Kijana ni lazima ajue tofauti kati ya ASBL, inayofuata sheria ya 2001 na isiyoruhusiwa kugawa faida kwa wanachama, na kooperative, ambayo inaweza. Kwa OHADA, kooperative ndogo inaanza na watu watano, na ile yenye baraza la utawala inaanza na watu kumi na tano. Ugomvi mwingi katika vikundi vyetu unatokea kwa sababu watu wameandika karatasi ya ASBL huku mioyoni wanangoja mgawo.

4. Staji ni ya muda gani, na wapi? Wiki mbili katika ofisi kupanga mafaili si staji. Tafuta mahali ambapo mwanafunzi anakaa miezi ndani ya kooperative, hospitali, kiwanda kidogo au COOPEC, na anarudi na hesabu aliyoifanya mwenyewe.

5. Waalimu wamewahi kuendesha kitu? Profesa anayejua vitabu ni wa lazima. Lakini awepo angalau mmoja aliyewahi kulipa mishahara mwisho wa mwezi, akajua uchungu wake.

6. Waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi leo? Hili ndilo swali tunaloliona kuwa la thamani kuliko yote. Omba majina ya watano, uwapigie simu. Kama wote wanangoja kazi katika ONG, shule hiyo inafundisha kuomba kazi, haifundishi kuanzisha.

7. Gharama yote ni kiasi gani, na masomo yataendeleaje njia zikifungwa? Minervali ni sehemu tu. Ongeza nyumba, chakula, usafiri, vitabu, kompyuta, intaneti, hati za kusafiria, na malipo ya memwari. Zidisha kwa miaka yote. Mwanzoni mwa 2025 benki zilifunga milango Goma na Bukavu, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa pia. Kwa hiyo ni halali kuuliza: chuo kinapokea malipo kwa njia gani wakati kama huo? Mwanafunzi anaweza kuendelea kwa mbali au kuhamishwa bila kupoteza mwaka? Bwana Yesu mwenyewe alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba inampasa kuketi kwanza na kuhesabu kama ana vya kutosha kuumaliza.

Kazi ya parokia inayomtuma

Shule ni nusu ya safari. Nusu nyingine iko mikononi mwetu.

Kwanza, parokia impe kijana shida ya kwenda nayo. Kabla ya kuondoka, akae na mama wa muso, aulize kwa nini wengine wanashindwa kurudisha mkopo. Aende shambani wakati wa mavuno, aone mahindi mangapi yanaoza kwa kukosa ghala. Asome daftari la mashine ya kusaga. Kijana anayeingia darasani akiwa na swali lake anasikia somo kwa masikio mengine. Na atakapofika wakati wa kuandika memwari, aandike juu ya shida hiyo, ili kazi yake irudi nyumbani badala ya kulala katika maktaba.

Pili, parokia imfungulie mlango wakati wa likizo. Chuo kikikosa staji nzuri, sisi tunaweza kuitoa: duka la dawa, shule, kituo cha afya, nyumba ya wageni. Kamati zisiogope kumwonyesha daftari. Kamati inayomficha mwanafunzi wake hesabu inajua kwa nini inaficha.

Tatu, kama kanisa linachanga, mapatano yaandikwe: kanisa litatoa nini, kwa muda gani, na kijana atafanya nini atakaporudi. Mapatano yasiwe mnyororo shingoni mwake. Miaka miwili ya kuhudumu katika kazi ya parokia, kwa mshahara unaojulikana, ni jambo la haki kwa pande zote. Tuseme wazi pia: kijana akirudi na kuonyesha kwamba ile mashine inakula dola 30 kila mwezi, wazee wasimwambie kwamba yeye ni mtoto. Tumemtuma akaone. Akiona, tumsikilize.

Nne, tusiwasahau binti zetu. Wanaoendesha muso, wanaouza sokoni na wanaolisha familia mashariki ya nchi hii kwa sehemu kubwa ni wanawake. Lakini pesa za masomo zikiwa chache, anayebaki nyumbani mara nyingi ni msichana. Ikiwa masomo haya ni ya kushughulikia shida za watu, basi wale wanaozibeba kila siku wasiwe wa mwisho kuyapata.

Tano, kanisa lisaidie kijana kujipima. Kuna mwenye moyo wa huruma asiyependa hesabu. Huyo anaweza kuwa muuguzi au mwalimu bora sana. Kuna mwenye akili ya biashara asiyewavumilia watu. Huyo aachwe afanye biashara yake kwa uaminifu na kutoa sehemu yake ya kumi. Si kila kijana mwema lazima awe mjasiriamali wa kijamii, na kumwambia hivyo mapema ni kumhurumia.

Neno la mwisho

Katika kitabu cha pili cha Wafalme tunasoma habari za mjane aliyedaiwa, na mwenye deni alitaka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hakuanza kwa kumpa pesa. Alimwuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa moja ya mafuta. Mungu alifanya muujiza, vyombo vikajaa. Lakini baada ya muujiza nabii alimpa yule mama mpango: auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Muujiza ulitoka kwa Mungu. Kuuza na kuhesabu kuliachwa mikononi mwa mjane.

Basi, mwaka huu kijana wa parokia yako akija na karatasi ya matokeo mkononi, tusikimbilie kumtajia majina ya shule. Tumwulize: ni shida gani ya watu wetu inayokunyima usingizi? Akiwa na jibu, tuketi naye pamoja na wazazi wake, na yale maswali saba mbele yetu, na kalamu. Akiwa hana jibu bado, tumpe miezi mitatu ya kutembea na mama wa muso na kusoma daftari la parokia. Hiyo pia ni shule, na hailipishwi minervali.

Neema ya Bwana iwe pamoja nanyi nyote.